Alama za RNA katika mchochota wa utumbo: tunapima mahali pasipofaa

Fungua tafiti mbili zinazohusu vimeng'enya vinavyobandika alama ya methili, kikundi kidogo cha kikemia, kwenye RNA (nakala ya jeni ambayo seli huitumia), na uhusiano wake na mchochota sugu wa utumbo, yaani ule uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili kushambulia utumbo wake yenyewe. Ya kwanza itakuambia kwamba kimeng'enya METTL3 kikizidishwa, utumbo wa panya huumia zaidi. Ya pili itakuambia kwamba METTL14, mwenzake wa karibu wa METTL3, ikiondolewa kwenye utando wa utumbo mpana, panya hupata mchochota mkali. Zote mbili zimefanywa kwa uangalifu, na zote mbili zinaweza kuwa kweli. Tatizo huanza pale makala ya mapitio inapozikusanya na kusema tu kwamba alama hiyo ina nafasi muhimu katika ugonjwa. Kauli ya namna hiyo haimwambii mtafiti afanye nini kesho, na mgonjwa anayesubiri dawa haimfikishi popote.

Hoja yangu ina sehemu mbili. Kwanza, alama za RNA haziwashi wala hazizimi mchochota kwa ujumla wake. Hufanya kazi ndani ya seli fulani, juu ya RNA fulani, na matokeo hutegemea protini itakayoisoma alama hiyo. Kusaga kipande cha utumbo na kutoa namba moja ya kiwango cha alama hakujibu swali hata kidogo. Pili, ushahidi wenye nguvu zaidi kutoka kwa binadamu hauko kwenye alama hii ya methili inayovuma siku hizi, iitwayo m6A. Uko kwenye badiliko jingine la RNA linalozungumzwa kwa uchache kuliko linavyostahili: uhariri wa adenosini, moja ya herufi za RNA, kuwa inosini.

Ugonjwa wenyewe, wenye sura mbili kuu, tuupitie kwa haraka. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika sehemu yoyote kuanzia kinywani hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu na kuziacha nzima, na hupenya unene wote wa ukuta wa utumbo. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye rektamu, hupanda bila kuruka, na hukaa kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana. Tangu NOD2 ilipotambuliwa mwaka 2001 kuwa jeni ya kwanza ya hatari ya Crohn, maeneo zaidi ya 200 ya jenomu yamehusishwa na magonjwa haya mawili, na mengi yako nje ya sehemu zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Hiyo ina maana kwamba mara nyingi protini yenyewe haina kasoro ya umbo. Kilichoharibika ni kiasi chake, wakati wake au mahali inapotengenezwa, na hayo yote hupitia kwenye RNA. Dawa za kuzuia TNF, protini inayochochea mchochota, zilizoanza kuruhusiwa kwa Crohn mwaka 1998 kwa infliximab, haziwasaidii takriban theluthi moja ya wagonjwa tangu mwanzo, na miongoni mwa waliopata nafuu wapo wanaoipoteza baadaye. Kutafuta mlango mwingine ni hitaji la kweli.

Sasa tuje kwenye alama. RNA huandikwa kwa herufi nne, lakini baada ya kuandikwa herufi hizo hurekebishwa kikemia, na aina zaidi ya 170 za marekebisho zinajulikana katika viumbe. Kwenye RNA mjumbe ya mamalia, ile inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini, iliyo nyingi kuliko zote katikati ya uzi ni m6A: kikundi kimoja cha methili kilichobandikwa kwenye nitrojeni ya nafasi ya sita ya adenosini. Ilionekana tangu miaka ya 1970, ikakaa kimya miongo kadhaa, ikaamka mwaka 2011 ilipogundulika kwamba kimeng'enya FTO kinaweza kuiondoa. Mwaka uliofuata zikaja ramani za kwanza za jenomu nzima, nazo zikaonyesha kwamba alama hizi hujazana karibu na kodoni ya kusimamisha, pale maelekezo ya protini yanapoishia, na kwenye mkia usiotafsiriwa wa RNA. Kwa wastani RNA mjumbe moja hubeba takriban 3 hivi, ingawa nyingine hazina hata moja na nyingine zina nyingi.

Wanaofanya kazi hii huzigawa protini husika katika makundi matatu: waandishi, wafutaji na wasomaji. Mwandishi mkuu ni jozi ya METTL3 na METTL14. METTL3 ndiyo inayobandika methili, ikiichukua kutoka kwa S-adenosilimethionini. METTL14 huishika RNA na kuiweka sawa. WTAP na wenzake huipeleka jozi mahali pa kazi. Wafutaji ni FTO na ALKBH5. Ila wanaoamua hatima ya RNA ni wasomaji. YTHDF2 ikiishika RNA yenye alama, huita mashine ya kukata mkia wa adenosini na RNA huvunjwa. Protini za IGF2BP hufanya kinyume: huilinda isivunjwe. YTHDC1, iliyo ndani ya kiini, hugusa ukataji na uunganishaji wa RNA pamoja na utokaji wake kwenda kwenye saitoplazimu. Kwa hiyo alama ileile, mahali palepale, yaweza kuiua RNA katika seli moja na kuirefushia maisha katika nyingine, kulingana na msomaji aliyepo. Anayesoma takwimu za m6A bila kuuliza msomaji ni nani amesoma nusu ya habari.

Tuangalie seli T, aina ya seli za kinga, kwa sababu hapo mambo yameeleweka vizuri kuliko kwingineko. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba seli T changa za panya zilizonyimwa METTL3 hushindwa kuzaliana na kukomaa. Sababu ilifuatiliwa hadi kwenye RNA za familia ya SOCS, ambazo hutengeneza breki za ishara za saitokini, protini ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe. Kwa kawaida RNA hizo hubeba m6A na huvunjwa upesi pindi seli inapopata ishara ya IL-7, mojawapo ya saitokini hizo. Breki huachia, STAT5, protini inayofikisha ishara ndani ya seli, huwaka, seli huanza kugawanyika. Alama isipokuwepo, RNA za SOCS hudumu, breki hubaki imekanyagwa, na seli hukaa palepale. Seli hizo zilipohamishiwa kwenye panya wasio na seli T zao, jambo ambalo kwa kawaida huleta kolaitisi, panya hawakuugua.

Ukiishia hapo utasema: basi tuzuie METTL3, utumbo utapona. Lakini mwaka 2018 METTL3 iliondolewa ndani ya seli T tulizi, zile ambazo kazi yake ni kuzizuia seli nyingine zisishambulie mwili. Breki zilezile za SOCS zilizidi, safari hii zikakatiza ishara ya saitokini nyingine, IL-2, ambayo seli tulizi haziwezi kuishi bila hiyo. Seli zikapoteza uwezo wa kutuliza, na panya wakapata shambulio la kinga la mwili mzima wakafa wakiwa wachanga. Mwaka 2020 METTL14 iliondolewa kwenye seli T zote, na panya wakapata kolaitisi bila kuchokozwa na kitu chochote. Kuwapa seli tulizi nzima kuliwakinga, na dawa za kuua bakteria zilipunguza makali. Njia ya kikemia ni moja, RNA zinazoguswa ni zilezile au karibu nazo, lakini matokeo ni ya kinyume, kwa kuwa kazi ya seli ndiyo iliyo tofauti.

Kwenye utando wa utumbo hali inageuka tena. Seli shina zilizo chini ya vikunjo vya utumbo hugawanyika bila kupumzika, na utando wote hubadilishwa kila baada ya siku chache. Utafiti wa mwaka 2022 uliondoa METTL14 kwenye utando wa utumbo mpana wa panya: seli zikaanza kufa, ukuta ukavuja, mchochota mkali ukafuata. Moja ya RNA zilizoguswa ilikuwa Nfkbia, inayotengeneza breki ya njia ya NF-κB. Watu wengi huijua NF-κB kama kichochezi cha mchochota, na ndivyo ilivyo ndani ya seli za kinga. Lakini ndani ya seli ya utando NF-κB pia ndiyo inayoizuia seli isife inapoguswa na TNF. Uthabiti wa RNA ya Nfkbia ulipovurugika, ulinzi huo ulianguka. Hapa alama inatunza ukuta.

Vipi basi kuhusu majaribio yaliyoonyesha METTL3 ikizidi inadhuru? Jibu kwa sehemu kubwa liko kwenye namna panya walivyofanywa wagonjwa, na hili halielezwi vya kutosha. Njia inayotumika zaidi ni kuwapa maji yenye dekstrani salfeti ya sodiamu, DSS, yenye uzito wa molekuli wa kilodaltoni 36 hadi 50, kwa kiwango cha asilimia 2 hadi 3, siku 5 hadi 7. DSS huharibu utando moja kwa moja; panya asiye na seli T wala B huugua vilevile. Kwa hiyo jaribio la DSS huuliza: ukuta ulioumizwa kikemia unajikarabati vipi, na kinga ya asili inaitikiaje? Njia ya kuhamisha seli T huuliza swali jingine kabisa: seli T changa zikiingia kwenye mwili usio na seli tulizi, zitaushambulia utumbo ndani ya wiki kadhaa? METTL3 yaweza kuwa na majibu mawili tofauti kwa maswali haya mawili bila kujipinga. Kibaya ni kuyaandika majibu yote mawili chini ya neno moja, kolaitisi, kisha kuyalinganisha kana kwamba yamepimwa kwa mizani moja.

Kuna na kosa la kiufundi ambalo DSS huliingiza kimyakimya. Kemikali hii hubaki kwenye tishu, hutoka pamoja na RNA wakati wa kusafisha, na huzuia kimeng'enya kinachoigeuza RNA kuwa DNA kabla ya PCR, njia ya kuizidisha DNA ili ipimike. Sampuli za panya wagonjwa huonekana kuwa na RNA kidogo ya jeni fulani kumbe ni kipimo kilichobanwa, na kosa hulielemea kundi la wagonjwa peke yake. Dawa yake inajulikana: kusafisha RNA kwa kloridi ya lithiamu mara mbili, au kuikamata RNA mjumbe kwa mkia wake, kisha kuthibitisha kwa kuchanganya RNA ya nje yenye kiasi kinachojulikana na kuona kama inasomeka sawa kwenye sampuli zote. Ripoti ya METTL3 au FTO kutoka kwenye utumbo wa panya wa DSS isiyotaja hatua hii, mimi huisoma kwa tahadhari kubwa.

Tatizo linalonikera zaidi, hata hivyo, ni kipimo cha m6A kwa ujumla. Vifaa vya kupima kwa rangi, na karatasi ya madoa yenye kingamwili ya m6A, hutumiwa mara nyingi kwenye RNA yote iliyotolewa kwenye tishu. Tufanye hesabu. RNA ya ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, ni takriban asilimia 80 ya RNA yote, na RNA mjumbe ni asilimia 1 hadi 5. RNA za ribosomu za binadamu nazo zina m6A: moja kwenye 18S, yenye nukleotidi (herufi) 1,869, iliyobandikwa na METTL5, na moja kwenye 28S, yenye nukleotidi zaidi ya 5,000, iliyobandikwa na ZCCHC4. Hiyo ni alama moja kwa kila nukleotidi 3,500 hivi. Kwenye RNA mjumbe tuseme ni moja kwa kila nukleotidi 1,000. Sasa chukua nukleotidi 100,000 za RNA yote. Za ribosomu ni 80,000, zenye alama kama 23. Za RNA mjumbe, tukiweka asilimia 3, ni 3,000, zenye alama 3. Jumla ni 26. Ikitokea nusu nzima ya m6A ya RNA mjumbe imepotea, badiliko kubwa mno kibiolojia, jumla itashuka kutoka 26 hadi 24.5, yaani chini ya asilimia 6. Hakuna kifaa cha rangi kinachoweza kuliona badiliko hilo kwa uhakika. Na kama kifaa kimeonyesha tofauti kubwa kati ya wagonjwa na wazima, kuna uwezekano mkubwa kwamba kimepima kiasi cha ribosomu, uchafu, au kingamwili kushika kisichotakiwa. Ni kupima uzito wa mchele pamoja na gunia na mkokoteni wake.

Kipimo sahihi cha jumla kinaanza kwa kuikamata RNA mjumbe kwa mkia wake mara mbili mfululizo, kuhakikisha mabaki ya ribosomu yamekwisha, kuivunja yote hadi nukleosidi mojamoja, kisha kuzihesabu kwa kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Hata hapo unapata namba moja tu. Kujua ni RNA ipi iliyobadilika kunahitaji ramani.

Ramani nyingi zilizopo zimetokana na njia ya kingamwili. RNA mjumbe hukatwa vipande vya nukleotidi kama 100, sehemu ndogo huwekwa kando kama kianzio, iliyobaki huchanganywa na kingamwili ya m6A kwenye baridi, huoshwa, hung'olewa, kisha zote mbili husomwa mfuatano. Mahali ambapo vipande vilivyokamatwa ni vingi kuliko kwenye kianzio huitwa kilele. Njia hii imefungua uwanja mzima, na haifai kubezwa. Lakini kilele kina upana wa nukleotidi 100 hadi 200, hakisemi ni asilimia ngapi ya RNA hiyo iliyo na alama, na kingamwili hushika pia m6Am, alama jirani iliyo mwanzoni mwa RNA. Uchunguzi wa mwaka 2020 uliolinganisha tafiti mbalimbali uliona kwamba vilele vya aina moja ya seli hukubaliana kwa asilimia 30 hadi 60 tu kati ya utafiti mmoja na mwingine. Kama seli zilezile za maabara zinatofautiana kiasi hicho, basi vilele 500 vinavyodaiwa kubadilika kati ya wagonjwa 3 na wazima 3 ni orodha ya kuchunguza, si matokeo.

Halafu kuna utumbo wenyewe. Kipande kinachonyofolewa kwa kolonoskopi ni cha miligramu chache, na itifaki za mwanzo za kingamwili zilitaka mamia ya mikrogramu za RNA. Watafiti hulazimika kuchanganya vipande au kutumia itifaki za RNA kidogo zenye kelele nyingi zaidi. La kuumiza zaidi ni kwamba kipande kilichowaka na kipande kizima si tishu moja. Kilichowaka kimejaa neutrofili, seli za plazima na seli T, na kimepoteza sehemu ya utando wake. Ukipata METTL14 imepungua humo, huenda hakuna seli hata moja iliyopunguza METTL14. Seli zilizo nayo kwa wingi zimekufa na nafasi yake kuchukuliwa na zisizo nayo. Sehemu kubwa ya madai kwamba mwandishi fulani ameshuka au mfutaji fulani amepanda kwa wagonjwa wa Crohn haijavuka kizuizi hiki.

Kukivuka kunawezekana. Kipande kiwekwe kwenye kimiminika cha kuhifadhi RNA ndani ya dakika chache tangu kitolewe, kwa kuwa utumbo una vimeng'enya vingi vya kuivunja RNA. Au, kama seli zinatakiwa zikiwa hai, utando utenganishwe kwanza kwa EDTA kwenye baridi, halafu tishu ya chini ndipo imeng'enywe kwa kolajenasi. Hatua hii ya pili hufanyika kwa nyuzi 37 kwa nusu saa au zaidi, na muda huo unatosha seli kuanza kuandika RNA za mshtuko. Wapo wanaoongeza kizuizi cha uandishi wa RNA mpya kama aktinomisini D ili picha ibaki ilivyokuwa. Seli zichambuliwe kwa aina, RNA ipimwe ubora, na chini ya RIN 7, kwenye kipimo cha uzima wa RNA cha 1 hadi 10, ni bora kuacha, kwani RNA iliyokatika hupoteza uhusiano wa mkia na mwili na vilele vya karibu na kodoni ya kusimamisha hujitengenezea vyenyewe. Kisha itumike njia inayotoa jibu la herufi mojamoja na asilimia yake, kama GLORI, ambayo hugeuza kikemia adenosini zote zisizo na alama na kuziacha zenye alama zisomeke kama adenosini. Ni ghali zaidi na inahitaji usomaji wa kina, lakini inajibu swali lililoulizwa.

Hata baada ya ramani, kusema kwamba alama ndiyo chanzo kunadai hatua nyingine mbili ambazo mara nyingi huachwa. METTL3 ina kazi zisizohusiana na methili, ikiwemo kusukuma utafsiri wa RNA, kwa hiyo kuifuta jeni yote hakuthibitishi kwamba methili ndiyo iliyokosekana. Inabidi kuirudisha METTL3 iliyoharibiwa sehemu yake ya kubandika peke yake na kuona kama hitilafu inabaki. Pili, adenosini husika kwenye RNA inayodaiwa ibadilishwe kuwa herufi nyingine bila kugusa protini, kisha maisha ya RNA hiyo yapimwe kwa saa kadhaa baada ya kusimamisha uandishi wa RNA mpya. Bila hayo, RNA iliyopanda ni RNA iliyopanda tu, na njia yote inayochorwa kwa mishale mwishoni mwa makala ni dhana.

Sasa uhariri. Kimeng'enya ADAR1 hushika RNA iliyojikunja ikawa nyuzi mbili na kugeuza adenosini zake kuwa inosini, ambayo ribosomu huisoma kama guanosini. Kwa binadamu, kazi kubwa hufanyika kwenye vipande vya Alu, vinavyorudiwa zaidi ya mara milioni moja na kuchukua takriban asilimia 10 ya jenomu. Alu mbili zikielekeana ndani ya RNA moja hujikunja na kuunda nyuzi mbili zinazofanana na za kirusi. Uhariri hulegeza mkunjo huo. Usipofanyika, kihisi cha virusi kiitwacho MDA5 hushtuka, interferoni, ishara za kinga dhidi ya virusi, humwagwa, na mwili hupambana na kirusi ambacho hakipo. Mantiki hii imesimama imara: mabadiliko ya jeni ya ADAR1 husababisha ugonjwa wa Aicardi-Goutières, mchochota wa kurithi wa ubongo, kwa watoto, kama ilivyoonyeshwa mwaka 2012, na panya wanaokufa tumboni kwa kukosa uwezo wa kuhariri huokolewa MDA5 ikiondolewa. Kwenye utumbo wa panya, kuondoa ADAR1 katika utando huua seli shina na kuleta mchochota.

Mwaka 2022 jambo hili lilifika kwa wagonjwa wa kawaida. Watafiti walichunguza tofauti za kurithi zinazobadilisha kiwango cha uhariri katika tishu 49 za binadamu, wakazilinganisha na maeneo ya hatari ya magonjwa ya kinga, mchochota wa utumbo ukiwemo. Tofauti za hatari zilielekea upande mmoja: kupunguza uhariri wa RNA za nyuzi mbili zilizo karibu. Uzito wa ushahidi huu ni kwamba jeni za kurithi hutangulia ugonjwa. Mchochota hauwezi kubadilisha urithi wa mtu, ilhali unaweza kabisa kubadilisha kiwango cha METTL3 kwenye kipande cha utumbo wake. Hapa chanzo na matokeo vinatenganishika, na hilo ndilo linalokosekana katika kazi nyingi za m6A. Si kwamba kila kitu kimenyooka. Wapo watoto wachache walioelezwa kuwa na mchochota wa utumbo wa mapema sana huku MDA5 yao ikiwa imelemaa, ishara kwamba kihisi hicho kikizidi ni madhara na kikikosekana ni madhara. Lakini mtu akiniuliza fedha za utafiti wa RNA kwenye ugonjwa huu zielekezwe wapi kwanza, ningemwelekeza hapa.

Bakteria nao wana mkono wao. Kuini, malighafi ya alama ya kuosini kwenye RNA tohozi (zile zinazobeba asidi amino kwenda kwenye ribosomu) za asidi amino nne, haitengenezwi na mwili wa binadamu hata kidogo. Hutoka kwenye chakula na kwa bakteria wa utumbo. Katika ugonjwa ambao jamii ya bakteria huvurugika, hiki ni kiungo cha moja kwa moja kati ya wakazi wa utumbo na namna seli zetu zinavyotafsiri protini. Kinastahili kazi kubwa kuliko iliyokwisha kufanyika.

Na dawa? Vizuizi vya METTL3 vipo. STM2457 ilielezwa mwaka 2021 ikiwa imejaribiwa kwenye lukemia ya panya, na STC-15, ya ukoo huohuo, iliingia kwenye majaribio ya wagonjwa wa saratani mwaka 2022. Baadhi ya watu wameshaanza kuandika kwamba vizuizi hivi vihamishiwe kwenye mchochota wa utumbo. Naona ni haraka yenye hatari. Moja ya sababu zinazovifanya vipendwe kwenye saratani ni kwamba METTL3 ikizuiwa, RNA za nyuzi mbili hurundikana, vihisi hushtuka, na interferoni huita kinga iushambulie uvimbe. Ni mlango uleule ambao tofauti za kurithi za uhariri zinauonyesha kuwa chanzo cha hatari ya mchochota. Ongeza yale yaliyowapata panya waliopoteza METTL3 kwenye seli tulizi na METTL14 kwenye utando, na utaona kwamba dawa ya kumeza inayozuia METTL3 mwili mzima inaenda kugusa kwanza seli ambazo mgonjwa huyu hawezi kumudu kuzipoteza.

Historia ya karibu ina mfano unaouma. Mongersen, uzi mfupi wa kumeza uliolenga RNA ya SMAD7, ulitoa matokeo ya kung'ara kwa wagonjwa wa Crohn katika awamu ya pili mwaka 2015. Mwaka 2017 awamu ya tatu ilisimamishwa kwa kukosa dalili ya manufaa. Katika jaribio la mwanzo, nafuu ilipimwa hasa kwa dalili alizoeleza mgonjwa, bila kamera kuthibitisha kwamba utando umepona.

Jaribio la kwanza la dawa inayogusa alama za RNA kwenye ugonjwa huu, likija, linapaswa kuwa na kolonoskopi kabla ya kuanza na tena wiki ya 8 hadi 12, vipande vilivyotenganishwa seli za utando na seli T tulizi, kipimo cha jeni zinazoitika interferoni katika kila kundi la seli, na kanuni iliyoandikwa mapema ya kusimamisha dozi pale jeni hizo zinapopanda kwenye utando au seli tulizi zinapopungua, hata kama mgonjwa mwenyewe anasema anajisikia vizuri.